Jeti iliyogoma kutoka kwenye kabureta ya pikipiki ya zamani: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za muda huu.

Nina Yamaha RD350 ya 1973, ile ya silinda mbili na kabureta mbili za Mikuni. Ililala miaka mingi na petroli ikiwa ndani ya bakuli (kile kikombe cha chini ya kabureta). Sasa inawaka kwa choki tu. Ukirudisha choki, silinda ya kushoto inakata, na bomba la upande huo unalishika kwa mkono bila kuungua. Kukaa sailensi, yaani kuunguruma bila kukanyaga mafuta, ndiyo kabisa haiwezekani.

Kabureta ya kulia haikunisumbua, jeti ndogo (kile kiskrubu cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli ya sailensi) ilitoka kwa kunyonga mara moja. Nikaenda ya kushoto na bisibisi ileile, ya kazi zote, ile ninayofungulia hata kopo la rangi. Nikanyonga, nikasikia "krak!", nikafurahi. Kumbe kilichotoka ni nusu ya kichwa cha jeti. Mkato wa bisibisi umebaki upande mmoja tu.

Jeti hii imezama ndani ya tundu, kwa hiyo msumeno wa kuchonga mkato mpya haufiki. Kabla sijaharibu zaidi, leteni visa vyenu. Mliyofanya kwa mikono yenu, na mliyovunja pia, msione aibu.

SpanaKumi

Pole mkuu. Hiyo bisibisi irudishe kwenye kopo la rangi.

Mimi nimeua jeti tatu kabla ya kuelewa tatizo liko wapi. Bisibisi bapa za kawaida zimechongoka kama kabari. Ukiiingiza kwenye mkato inagusa kingo za juu tu, chini kuna nafasi. Ukinyonga, inapanda juu na kuchana shaba. Na shaba ya jeti ni laini.

Siku hizi nina bisibisi moja niliyoisaga mwenyewe: ncha imenyooka pande zote mbili, unene wake unabana ndani ya mkato bila kucheza, upana ni sawasawa na kichwa cha jeti. Nilisaga kidogo, nikajaribisha, nikasaga tena, huku nachovya maji chuma kisipoteze ugumu. Ilinichukua jioni nzima. Na haifanyi kazi nyingine, hata mwanangu anajua.

Jambo jingine: ukishaiingiza, gonga mpini kwa nyundo ndogo mara kadhaa kabla ya kunyonga. Usitwange. Mtikisiko ndio unaoachanisha thredi (michirizi ya skrubu) na ule ulojo wa petroli iliyoganda.

Sufuria_ya_Gereji

Mke wangu hajanisamehe hadi leo, ndiyo maana ya jina.

Yangu ilikuwa jeti kubwa, ile ya petroli ya mwendo, mkato mzima, ila haisogei hata kwa dawa. Nilitoa mpira wote na vinginevyo vinavyotoka: oringi, gasketi, boya, sindano ya boya. Hili msiliruke, na kama kabureta yako ni ya diaframu (utando mwembamba wa mpira), toa diaframu kwanza kabisa. Nikasafisha petroli yote mpaka harufu ikaisha, nikachemsha bodi ya kabureta kwenye maji kama robo saa. Nikaitoa kwa koleo, nikadondoshea mafuta ya kulegeza kutu pembeni ya jeti, nikaacha ipoe. Nikachemsha tena. Mzunguko wa nne, nikaweka bisibisi bodi ikiwa bado ya moto, jeti ikazunguka kama haijawahi kugoma.

Bodi ni aloi ya alumini au zinki, jeti ni shaba ya njano. Zikipata joto moja, bodi inatanuka kuliko jeti, kwa hiyo tundu linalegea kidogo. Na ikipoa, mafuta yananyonywa kuingia ndani ya thredi. Jeti haijakwama kwa petroli iliyoganda peke yake. Maji yakikaa kati ya shaba na alumini yanaleta kutu nyeupe, ule unga unaouona chini ya bakuli. Ukiuona unga huo, jua na kwenye thredi umo.

Mguu wa Kiki

Nyongeza kwa mkuu wa sufuria: maji, SIYO moto wa gesi. Nilikuwa na haraka, nikaelekeza mwali kwenye bodi ya zinki. Zinki ya kumimina inayeyuka kabla hata ya kufika nyuzi 400. Upande wa bakuli uliinama mbele ya macho yangu kama mshumaa. Jeti? Ilitoka vizuri sana.

Binti wa Karakana

Kabla mtu hajanyonga chochote, ajue kwanza kama jeti yake ina thredi. Nilikaa siku mbili nikihangaika na jeti ndogo za Honda CB750 ya 1978. Nimepasha, nimelowesha, nimegonga, wapi. Baadaye ndiyo najua zile jeti zimepachikwa kwa kubanwa, hazina thredi hata moja. Unazisafishia hapohapo zilipo.

Waliomo kwenye pikipiki za Uingereza wana jambo kama hilo kwenye Amal Concentric: nyingi zina kibushi (kibomba kifupi) cha jeti ndogo kilichobanwa ndani kabisa, tundu lake ni inchi 0.016, na kinazibuliwa kwa kibiti chembamba cha kushika kwa vidole, kwa kupitia tundu la skrubu ya hewa. Na kwenye CB750 za mwanzo jeti kubwa inashikwa na kibanio na oringi, unaivuta tu. Nimeona mtu ameing'ata kwa plaizi huku anaizungusha. Nilinyamaza, pikipiki haikuwa yangu.

SpanaKumi

Dada, hapo kwenye plaizi umenikumbusha jeti yangu ya pili.

Kushoto Kushoto

Mimi ndiye wa kudrili, na nimedrili mara mbili.

Mara ya kwanza nilitumia biti ya kawaida na drili ya mkononi. Biti ya kawaida inazunguka upande wa kufunga, kwa hiyo kadiri nilivyosukuma ndivyo nilivyozidi kuikaza. Halafu ikahama katikati, ikala thredi za bodi. Kabureta ile ipo kwenye droo, naitoa vipuri.

Mara ya pili nilitafuta biti za kukata kinyume. Nikafunga bodi kwenye vaisi ya mashine ya drili, katikati ya mbao mbili, mwendo wa pole kabisa. Tundu la jeti lenyewe ndilo lililoniongoza. Nikaanza na biti ndogo, nikapanda saizi. Ya tatu ilipong'ata, jeti ikazunguka na kupanda juu ya biti yenyewe, sikugusa thredi. Lakini nilishapasha na kulowesha siku mbili kabla. Biti peke yake isingetosha.

Mwanzisha mada, kwako hii iwe ya mwisho.

Ndimu na Chumvi

Kuna anayechemshia maji ya ndimu hapa? Kwangu ilisafisha kweli, ila bodi ikatoka nyeusi.

Sufuria_ya_Gereji

Mkuu, asidi inakula zinki. Dakika chache na suuza sana, au achana nayo.

Mwanzisha mada

Wakuu, nimerudi.

Biti za kinyume niliagiza, zipo kwenye pakiti yake. Nilisaga bisibisi kama alivyosema SpanaKumi, ila nikaipunguza upana ikae kwenye ile nusu ya mkato iliyobaki. Usiku wa kwanza maji ya moto na mafuta, mara tatu. Wa pili hivyohivyo. Haikutikisika, na safari hii nilijizuia nisilazimishe. Usiku wa tatu nilitoa bodi kwenye maji, nikaishika kwa kitambaa, nikagonga mpini mara tano sita, nikakandamiza kwa uzito wa bega na kunyonga taratibu. Haikusema "krak". Ililia kama mlango wenye bawaba kavu, ikasogea kama upana wa unywele. Nikairudisha ndani kidogo, nikaongeza mafuta, nikatoa tena. Mbele nyuma, mbele nyuma, hadi ikaja mkononi. Thredi za bodi nzima.

Tundu lake halipitishi mwanga. Nilijaribu waya mwembamba wa gitaa, ukagonga ukuta.

Sasa sikilizeni hili. Nimeisafisha kichwa ili nisome namba ninunue mpya. Jeti ya kulia imeandikwa 25. Hii ya kushoto ni 30. Na chini ya kichwa ina mikwaruzo ya zamani, imeshaingia weusi, si yangu. Kuna mtu aliingia humu kabla yangu, na yeye alikuwa anaikaza.

Kesho nafungua jeti kubwa zote mbili nione nazo zinasemaje.