Aliyekosa muhula mzima: akariri darasa au asonge mbele?

Mleta Mada
Wadau, nitupe jiwe. Mwanafunzi aliyekosa muhula kwa ugonjwa, kuhama au shule kufungwa asikaririshwe darasa; asonge mbele na wenzake huku akipewa masomo ya kufidia alichokosa. Kukariri kunamrudisha kwenye kila kitu, hata anachokijua, tena kwa njia ileile ya kufundisha. Pengo la wiki 12 analilipia kwa mwaka mzima wa umri wake. Ufaransa, iliyokuwa na sifa ya kukaririsha sana, mwaka 2014 iliamua jambo hilo liwe la nadra, ingawa 2018 ililegeza kidogo. Wanaopinga njooni, ila mje na hesabu. Ile ya "zamani tulikariri na tukafaulu" tumeshaisikia.

Mzee wa Ratiba
Hesabu hii hapa. Hisabati vipindi 5 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, jumla dakika 200. Kwa wiki 12 ni dakika 2,400, yaani saa 40. Sasa hayo masomo ya kufidia mnayoyasifu mara nyingi ni nusu saa, mara 3 kwa wiki. Saa moja na nusu. Gawanya: karibu wiki 27, na wakati huo darasa halijasimama kumsubiri. Hilo ni somo moja tu! Anayekariri angalau anapata saa zake zote, asubuhi, mwalimu hajachoka na mtoto hajachoka.

Mwl. wa Hesabu
Mzee, kugawanya umegawanya vizuri. Ulipokosea ni kudhani kila kipindi kilichopotea lazima kirudishwe. Mada hazina uzito sawa. Grafu ya nguzo inaweza kusubiri mwakani na hakuna kitakachoanguka. Thamani ya tarakimu, kuzidisha na sehemu haziwezi kusubiri, maana asiyejua sehemu atakwama kwenye uwiano, kwenye asilimia, kisha kwenye aljebra. Ukichuja ukabakiza theluthi, saa 40 zinakuwa 13 na ushee, na ratiba yako ileile ya saa moja na nusu inazimaliza kwa wiki 9.

Kinachoharibu ni kwamba wengi hawachuji. Wanafungua kitabu pale muhula ulipoanzia, wanakwenda ukurasa kwa ukurasa, muda unakatika katikati, na mada iliyohitajika iko mwishoni.

Halafu kuna kupima. Mpe mtoto 52 − 27. Akiandika 35, alama ya kosa haikusaidii kitu. Tazama alivyofika pale. Ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote ilipo: 7 toa 2 ni 5, na 5 toa 2 ni 3. Huyu hakusahau kanuni, haoni kwamba ile 5 ni makumi. Mpe mafungu 5 ya vijiti kumikumi na vijiti 2 vya peke yake, umwambie atoe 27. Vijiti 2 havitoshi kutoa 7, kwa hiyo anafungua fungu moja, anapata 12, anatoa 7, vinabaki 5. Mafungu yamebaki 4, anatoa 2, yanabaki 2. Jibu 25. Hapo ndipo mnaandika, mstari kwa mstari, kila alichofanya kwa mkono. Mwalimu akifungua fungu yeye mwenyewe mbele ya darasa, mtoto ametazama tu, na kesho 35 inarudi. Ukitaka kuhakikisha, malizia na 402 − 157. Sifuri ya katikati haimfichi mtu aliyekariri maneno "kopa kwa jirani", kwa sababu jirani mwenyewe hana kitu.

Bi. Silabi
Nyote wawili mnamzungumzia mtoto anayesoma. Wa darasa la 4 asiyeweza kusoma aya fupi hata akikaririshwa mara mbili hatapona, kwa sababu darasa la 4 hakuna kipindi cha kuunganisha silabi. Kila somo pale linachukulia kwamba kusoma kulikwisha.

Taasisi ya Pratham ya India ilishughulika na jambo hilihili. Mtoto anapimwa peke yake, kwa dakika chache: anatambua herufi, anasoma neno, aya, au hadithi fupi? Kisha kwa kipindi fulani cha siku madarasa ya 3 hadi 5 yanavunjwa na kupangwa upya kwa kiwango, si kwa umri. Anayekwama kwenye herufi habebeshwi hadithi, na anayesoma hadithi hapotezewi muda kwa "ba be bi".

Kiti cha Nyuma
Dada, hayo ni mazuri pale kila darasa lina watoto 30. Wakiwa 70 na mwalimu ni mmoja? Na kundi la chini si litaitwa kundi la wajinga kabla ya wiki kwisha?

Bi. Silabi
Litaitwa, ikiwa aliyeingia hatoki. Ndiyo maana mnawapima tena kila baada ya wiki mbili hivi na kuwahamisha, watoto waone kwamba watu wanapanda. Kuhusu idadi: madarasa yote matatu yawe na kipindi hicho kwa wakati mmoja, ili walimu watatu wagawane makundi. Na mwalimu hodari apewe kundi la chini. Kwa kawaida hupewa mgeni asiyeweza kukataa.

Mleta Mada
Niongeze na upande wa tuisheni. Uingereza ilianzisha mpango wa taifa Novemba 2020, vifurushi vya saa 15 kwa vikundi vidogo, ukafungwa 2024. Swali gumu la mpango wa namna hiyo ni saa zitoke wapi. Ukimtoa mtoto kwenye sayansi ili afidie lugha, unaziba shimo kwa udongo wa shimo jingine.

Mzee wa Ratiba
Hapo sasa tunasikilizana. Ila bado mmemkwepa mwenye miaka 12 ambaye hajawahi kuingia darasani. Huyo mtamsongesha wapi?

Mwl. wa Hesabu
Huyo hasongi wala hakariri, anahitaji mpango wa kasi. Kaskazini mwa Ghana, School for Life imeufanya tangu 1995: miezi 9, saa chache kwa siku, kwa lugha anayoizungumza mtoto nyumbani, kisha anaingia shule ya kawaida katika madarasa ya kati. Kwa aliyekosa muhula tu, karatasi moja inatosha: maswali 12, manne kutoka kila mwaka wa miaka mitatu iliyopita. Usijumlishe alama. Tafuta mwaka anaoanza kukatikia, uanzie hapo.

Mzee wa Ratiba
Karatasi nimeikubali. Sasa andikeni kwenye ratiba kwamba wiki ya maandalizi ya mtihani vipindi hivyo havifutwi, maana ndivyo hufutwa kwanza. Mkuu wa shule akiweka sahihi hapo, nami naacha kutetea kukariri.