Nyumba ya mlowezi iliyotangazwa urithi wa taifa: ninunue au nikimbie?

Mnunuzi: Wadau, nimepata nyumba Tigoni, kule Limuru. Mawe ya kuchonga, sakafu ya mtarakwa, ekari tano, zizi, banda la farasi, na SQ nne safi (vyumba vya watumishi) za kukodishia wageni wikendi. Shida ni kwamba ilitangazwa kwenye Gazeti Rasmi kuwa jengo la kihistoria, kwa hivyo kubomoa au kugeuza chochote ni mpaka kibali cha Makavazi ya Kitaifa. Pesa zangu, paa langu, ruhusa ya nini? Hii ni haki kweli?

Wakili wa Mtaa: Sheria hiyo ni ya 2006, umeikuta. Wewe hofia bodi ya ardhi. Shamba la kilimo bila idhini yao, mkataba wako ni karatasi ya kufungia mandazi.

Mama Pacha: "SQ nne safi"? Babu yangu alikuwa mpishi kwenye nyumba kama hiyo. Chumba futi nane kwa nane, dirisha kama sinia, watoto watano. Wewe unaona wikendi.

Mnunuzi: Dada, sijamtusi mtu. Nairobi nzima ina SQ, pengine hata kwako.

Mama Pacha: Kwangu ni SQ. Napanga South B, choo tunagawana na askari wa geti.

Mjuaji: Mnapigania vyoo! Ile nyumba ya mtaa wa Karen si Blixen, yule mwandishi Mdenmaki, aliijenga, serikali ikaitunza, na leo tunalipa kuingia?

Wakili wa Mtaa: Hakuijenga. Ni ya 1912, yeye aliipata 1917. Na Denmark ndiyo iliyoikabidhi Kenya, zawadi ya uhuru. Hakuna raia aliyeambiwa atoboke mfuko kwa paa lake.

Mjuaji: Miaka mitano tu ndiyo unanifokea hivyo?

Fundi wa Paa: Tukirudi kwa paa. Mabati ya zamani ni mazito, usikubali kuwekewa haya membamba ya geji 30, ukungu wa Limuru utayamaliza. Na mbao za mtarakwa usimwachie mtu azing'oe, mchwa hawazipendi. Atakwambia zimeoza, kesho uzikute kwa duka la fanicha.

Mnunuzi: Nilirudi Jumamosi. Mama Pacha, nikaingia hizo SQ. Ni sinia kweli. Halafu kwenye veranda kuna kengele ya kuitia watumishi, waya umepita chini ya paa mpaka mlango wa SQ ya kwanza. Wakili, nayo ni urithi? Nikitaka kuing'oa niombe kibali?

Wakili wa Mtaa: Kama tangazo linataja jengo lote, omba.

Mjuaji: Kibali cha kengele! Kenya hii.

Mama Pacha: Iache. Wageni wako walale huko nyuma, mmoja wao abaki veranda aipige saa kumi na moja alfajiri akiitisha chai.

Fundi wa Paa: Bado inalia?

Mnunuzi: Hailii. Waya umekatwa, upande wa SQ.