Ukuu wa shule: uzamili kwanza au madaraka ya idara kwanza?

Wadau wa elimu, naomba ushauri kuhusu mwalimu mwenye shahada ya ualimu na miaka 5 darasani, anayelenga ukuu wa shule. Asome kwanza uzamili wa uongozi na usimamizi wa elimu, au aombe ukuu wa idara, kisha unaibu? Wasiwasi wangu ni kwamba wengi hukwama kwenye usaili wakiwa na vyeti vizuri, ila hawajawahi kupanga ratiba ya shule nzima, kukagua somo la mwenzao na kumpa mrejesho, wala kusimamia bajeti. Bajeti hasa, maana mwalimu wa darasani mara nyingi haigusi! Je, kusoma jioni huku akiongoza idara kunawezekana bila wanafunzi kuumia? Na aanze kutunza kumbukumbu zipi za kazi sasa hivi?