Naomba ushauri: nani huwajibika famasi inapouza dawa bila cheti cha daktari?

Ndugu wanachama, habari za wakati huu.

Mdogo wangu ni mtoa dawa katika famasi moja hapa Dar es Salaam, na mwenye duka amemwagiza asimrudishe mteja yeyote, hata yule anayetaka antibayotiki kama azithromaisini au dawa kali za usingizi bila cheti cha daktari. Juzi mama mmoja aliomba vidonge vinne tu vya amoksilini kwa ajili ya mtoto mwenye mafua. Akafungiwa kwenye kibahasha cha nailoni, bila jina la dawa wala maelekezo ya kuitumia. Jambo hili linaniumiza, kwa kuwa dozi pungufu za namna hiyo ndizo zinazowafanya vimelea kuwa sugu, na mafua yenyewe hayatibiwi kwa antibayotiki.

Ninafahamu kwamba Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, lina mamlaka ya kukagua maduka na kuyachukulia hatua, na kwamba TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) nayo hudhibiti ubora na usalama wa dawa. Ninachoomba kueleweshwa ni hiki: wakaguzi wakikuta makosa hayo, anayeshtakiwa ni mmiliki, mfamasia msimamizi ambaye haonekani dukani, au kijana aliyepokea fedha? Je, agizo la mwajiri lililotolewa kwa mdomo linaweza kumkinga mbele ya Baraza au mahakamani? Na akitaka kutoa taarifa bila kupoteza ajira yake, aanzie kwa mfamasia wa wilaya au aende moja kwa moja kwenye Baraza?

Natanguliza shukrani.