Video ya mchezaji inasambaa, redio zinapiga simu: klabu ndogo ianzie wapi?

Mdau_wa_Sokoine (Mbeya)

Wakuu, salaam. Naomba utaratibu, si mahubiri. Chukulieni klabu ya ligi ya mkoa hapa Mbeya: ina katibu, meneja na kijana mmoja anayeshika ukurasa wa Facebook, basi. Jumamosi usiku inatoka video ya sekunde 40, mtu anayefanana na kiungo wao anampiga dereva wa bajaji pale Kabwe. Kufikia asubuhi imeshapita magrupu yote ya WhatsApp kuanzia Uyole mpaka Mbalizi. Watu wanataka afukuzwe leo leo, watangazaji wawili wameomba mahojiano, aliyetoa jezi anauliza kulikoni. Mechi ni Jumatano. Nani aongee, aseme nini, na mchezaji asimamishwe au asisimamishwe?

Chumba_cha_Habari

Mkuu, anza na video yenyewe. Usifanyie kazi kopi iliyozunguka magrupu kumi. Mtafute aliyeiweka mwanzo, umwombe aitume kama dokumenti, maana ikitumwa kama video ya kawaida WhatsApp huibana, na namba ya bajaji inageuka ukungu. Ile mishale miwili juu ya ujumbe inakwambia tu kwamba umeshapita mikono mitano au zaidi. Haikwambii video ni ya lini.

Tarehe itafute ndani ya picha: jezi ni ya msimu gani, kifuani kuna nembo ya nani, bango la nyuma linatangaza nini, ardhi ikoje. Vumbi linatimka na nyasi zimekauka? Hiyo kwa Mbeya si Februari. Kisha kata picha tatu nne za skrini, uso au jengo likionekana vizuri, upitishe Google Lens uone kama haikuwahi kuzunguka na maelezo ya mji mwingine. Sauti nayo isikilize peke yake bila kuangalia picha. Lafudhi na jina linaloitwa kwa mbali vinasema mengi.

Baada ya hapo mwiteni mchezaji, wawepo watu wawili, mmoja anaandika. Swali la kwanza ni "Jumamosi jioni ulikuwa wapi?" Ukianza na "kwa nini umempiga?" umeshamhukumu, na atajibu kwa kujitetea.

Taarifa ya kwanza itoke Jumapili kabla ya saa 6 mchana. Iwe hivi:

"Klabu imeiona video inayosambaa tangu Jumamosi usiku ikimhusisha mchezaji wake. Tumeanza kuihakiki na tumezungumza na mchezaji. Yeyote aliyeumia katika tukio hilo tunamwomba awasiliane na katibu kwa namba iliyo hapa chini. Taarifa nyingine itatolewa Jumatatu saa 10 jioni."

Hayafiki maneno hamsini, na yanatosha. Karatasi yenye nembo, namba ya kumbukumbu, tarehe NA saa, jina la aliyesaini, muhuri. Itoe kama PDF na kama picha, kisha ibandike juu kabisa ya ukurasa. Saa ni muhimu kwa sababu taarifa feki yenye nembo yenu inaweza kutengenezwa jioni hiyo hiyo, na mtu akiuliza ipi ni ya kweli mnamwonyesha namba na saa. Jumatatu saa 10 ikifika mtoe neno hata kama jipya ni kwamba uchunguzi bado.

Kinachoziua klabu ni taarifa ya pili inayoikana ya kwanza. Mwangalie Luis Rubiales wa shirikisho la soka la Hispania baada ya fainali ya Kombe la Dunia la wanawake pale Sydney, 20 Agosti 2023. Usiku ule akawatukana waliomlaumu kwa kumbusu mchezaji mdomoni, kesho yake akaomba radhi kwa video, tarehe 25 akagoma kujiuzulu mbele ya mkutano, 10 Septemba akajiuzulu. Misimamo minne ndani ya siku 21. Kila msimamo ukawa habari mpya ya ukurasa wa mbele, na yote aliiandaa yeye mwenyewe.

Wakili_wa_Forest

Nikae kwenye kusimamisha, maana hapo ndipo viongozi wetu hukanyaga miba.

Kanuni za Utendaji Bora chini ya sheria ya kazi (Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007) zinaruhusu kumsimamisha mtu wakati wa uchunguzi, ila kwa mshahara KAMILI. Mkimwita kwenye kikao cha nidhamu mpeni barua ya tuhuma na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake wa kumsaidia. Ndiyo kusema "afukuzwe leo" haiwezekani kihalali, hata mji mzima uimbe. Mkimfukuza kienyeji ana siku 30 za kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na huko hawatauliza video ilipata laiki ngapi.

Msidhani wakubwa hawakosei. Manchester City ilikata mshahara wa beki wake Benjamin Mendy mwaka 2021 aliposhtakiwa kwa ubakaji. Mwaka 2023 mahakama ikamwona hana hatia, na Novemba 2024 baraza la kazi likaamua kwamba ana haki ya sehemu kubwa ya mishahara ile.

Najua wachezaji wengi wa ligi ya mkoa hawana mkataba wa karatasi, wanalipwa nauli na posho. Kwao "kusimamishwa" maana yake ni kutopangwa. Semeni hivyo hivyo: "hatakuwemo kwenye kikosi cha Jumatano." Posho ya mazoezi apewe.

Kijana wa Facebook apewe onyo moja: asithubutu kuandika kwamba dereva ni mwizi au alikuwa amelewa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo, ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Na lile la kumpelekea dereva laki mbili usiku ili "yaishe", acheni. Wakati huo huenda ameshachukua RB (namba ya ripoti ya polisi) kituoni, na bahasha yenu itaonekana ni ya kumnyamazisha. Matibabu lipeni mchana, kwa risiti, mbele ya shahidi.

Kamwene_Iringa

Kamwene wadau. Wakili kagusa penyewe. Niongeze moja la uwanjani: Februari 2022 ilitoka video ya beki wa West Ham, Kurt Zouma, akimpiga teke paka wake. Kesho yake West Ham wakampanga dhidi ya Watford. Faini ya pauni 250,000 ilikuja baadaye, lakini mashabiki walikuwa wameshamzomea kila akigusa mpira, na mdhamini mmoja akasitisha udhamini. Mchezaji aliyepangwa ni taarifa kwa umma, hata kama hakuna aliyeandika kitu.

Kwa wakimbiaji wetu wa huku nyanda za juu mambo ni mengine kidogo. Kwenye vipimo vya dawa zilizokatazwa michezoni, mkojo hugawanywa chupa A na B. Majibu ya A yakija mabaya, kaa kimya, omba B ifunguliwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua. Usikimbilie kutoa sababu. Wilson Kipsang, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, alikosa vipimo akasema lori lilianguka na kufunga barabara Mei 2019, akaleta na picha. Picha ikagundulika ni ya ajali ya Agosti. Adhabu yake ya miaka 4 ikabeba na kosa la kuvuruga uchunguzi.

Mdau_wa_Sokoine

Asanteni sana wakuu. Limebaki la redio: aende nani, na aende mubashara au arekodiwe?

Chumba_cha_Habari

Katibu, kwa sababu ndiye aliyesaini. Mwenyekiti, kama yupo, abaki nyumbani na simu yake ishikwe na mtu mwingine. Mubashara ni salama kuliko kurekodiwa, dakika tano, kwa sharti kwamba simu za wasikilizaji hazitafunguliwa akiwa hewani. Akirekodiwa, sentensi moja hukatwa na kurushwa asubuhi bila swali lililotangulia. Wa kuharibu zaidi ni yule mwenye hamu ya kueleweka: anaulizwa kuhusu video, anajibu kuhusu malezi ya vijana wa siku hizi. Swali likirudi kwa sura nyingine, arudie jibu lile lile kwa maneno yale yale.

Aliyetoa jezi apigiwe simu nusu saa kabla taarifa haijatoka, asije akaisikia kijiweni Mwanjelwa. Mchezaji asinyang'anywe simu, hiyo itageuka habari nyingine. Mkae naye aweke uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zake, halafu akubali kutoingia laivu hadi kikao cha nidhamu kiishe. Maoni kwenye ukurasa yaacheni wazi, mchuje matusi na namba za simu tu. Mkiyafunga, watu watahamia chini ya picha ya timu ya watoto, na huko hamtaweza kuchuja.