Tupeane uzoefu: fildi ya IT ilikufanyia nini?

Mzee wa Pingi: Wakuu, leo nimepishana ngazini na kijana wa fildi, mwanafunzi wa mafunzo kazini. Kabeba CPU begani, kitambulisho kipya shingoni, na kila anayepita anamuuliza, "Wewe ndiye wa printa?" Nimecheka peke yangu. Mliopitia chuo, VETA au mtaani tu, mwageni ya kwenu. Mimi nilikuwa bingwa wa kuchomoa karatasi zilizokwama.

Mjukuu wa Kariakoo: Afadhali wewe printa. Mimi nilitumwa chapati.

Da Swichi: Mimi nikifika na begi la vifaa naambiwa, "Dada, fundi yuko nyuma?" Nawajibu yuko mbele yenu.

Ncha Mbili: Umenigusa pabaya, Mzee wa Pingi. Fildi nilifanyia ofisi moja ya mikopo, jina nalihifadhi. Mwisho wa mwezi, foleni ya wateja mpaka nje, saa nne kasoro mtandao ukafa jengo zima. Siyo intaneti peke yake, hata mfumo wa ndani ambao seva yake iko chumba cha pili! Meneja kashuka ngazi anafoka, "Nani kagusa?" Macho yote kwangu, maana Ijumaa nilikuwa darini navuta waya. Msimamizi wangu, niliyekuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi, akasema, "Huyu dogo nilimkataza asiguse kitu." Na yeye ndiye aliyenipandisha dari!

Nikaingia chumba cha swichi, vile visanduku vinavyounganisha waya za mtandao, jasho linanitoka. Taa zote zinawaka na kuzimika kwa pamoja, mbio mbio, kama disko la harusi. Naipingi seva, yaani naiita kwenye mtandao nione kama itajibu, kimya. Hapo nikakumbuka darasani: kuna kitanzi. Ujumbe unaotangazwa kwa mashine zote ukishapata njia ya kurudi ulikotoka haufi, unazunguka na kuzaliana mpaka unajaza waya wote. Basi nikaanza kuchomoa waya wa ghorofa moja moja. Nachomoa, nasubiri, naangalia taa, narudisha. Nyuma yangu meneja anauliza kila dakika, "Bado?" Nilipochomoa wa uhasibu, taa zikatulia.

Kufika uhasibu nikainama chini ya meza. Kuna kiswichi cha matundu matano, na waya mmoja ncha zake zote mbili zimechomekwa humo humo! Mhasibu alihamisha meza Jumamosi, akaona ncha inaning'inia, akaionea huruma. Hakuna aliyeniomba radhi. Meneja alisema tu, "Haya, wateja waingie."

Mjukuu wa Kariakoo: "Akaionea huruma" 🤣🤣 nimemwaga chai.

Tundu la 24: Hadithi tamu, ila hiyo ofisi ilijitakia. Ukiwasha ulinzi wa BPDU (ujumbe ambao swichi hutumiana kugundua vitanzi) kwenye swichi kuu, tundu la uhasibu linajifunga lenyewe, kwingine kazi inaendelea.

Ncha Mbili: Swichi kuu ipi, kaka? Zilikuwa zile za kuchomeka na kuondoka, hazina hata ukurasa wa mipangilio. Njoo na bajeti yako.

Kamba Nyeupe: Mimi kilichonitesa ni kukrimpu, kubana kichwa kwenye zile nyaya nane za rangi ndani ya waya wa mtandao. Baadaye nikagundua rangi hazina maana, mradi pande zote mbili zifanane.

Da Swichi: Mdogo wangu, usiwapoteze watoto wa watu. Chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Pini ya 3 na ya 6 lazima zitoke kwenye jozi moja iliyosokotwa. Ukipanga kichwa kichwa, kipimo cha bei rahisi kitawasha taa zote nane, halafu waya ukiwa mrefu mteja anakupigia kila siku kwamba neti inakatika.

Kamba Nyeupe: Zangu mbona zinafanya kazi mpaka leo?

Da Swichi: Mita mbili kutoka ruta hadi kwenye televisheni hata mimi ningejisifu.

Mzee wa Pingi: Mada, wakuu, mada.

Ndoo ya Vyeti: Vijana msipoteze muda, nendeni CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, moja kwa moja.

Tundu la 24: Dola 300 za mtihani akupe nani, na hajui hata kubadilisha RAM? Aanze na A+, cheti cha msingi cha ufundi wa kompyuta.

Ndoo ya Vyeti: A+ ni mitihani miwili, kila mmoja dakika 90, na kila mmoja unaulipia. Hesabu vizuri, mkuu.

Mjukuu wa Kariakoo: Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ni bure, unajisajili Cisco Networking Academy unapakua. Hapo unatengeneza vitanzi mpaka uchoke bila kufokewa na meneja. Vyeti utanunua ukipata mshahara.

Tundu la 24: Ukiupata bila cheti, nishtue.

Kamba Nyeupe: Ncha Mbili, huyo mhasibu ameolewa?

Ncha Mbili: Ana wajukuu.

Mgeni Fildi: Shikamooni wakuu. Nimeanza wiki hii, msimamizi katoka. Kompyuta ya mapokezi haina mtandao, namba ya IP inaanza na 169.254. Nifanyeje?

Ndoo ya Vyeti: Format.

Da Swichi: Marahaba. Usifomati chochote! Hiyo namba mashine imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la DHCP, huduma inayogawa namba za IP, kwa kawaida iko kwenye ruta. Angalia taa kwenye tundu la waya. Haiwaki, badilisha waya. Inawaka, uliza wenzake hapo mapokezi kama na wao wamekatika, ndipo uende kwenye ruta.

Mjukuu wa Kariakoo: Na huko kwenye ruta angalia kwanza kama hakuna mtu kaichomoa achaji simu.

Mgeni Fildi: Kuna simu kweli. Ni ya mlinzi. Nimwambieje?