Mbao za milango: za Msumbiji au za Bara?

MjenziFuoni: Assalaam alaykum. Nyumba imeshafika lenta, sasa natafuta mbao za milango. Muuzaji mmoja ana za Msumbiji, anaziita chanfuta. Mwengine ana za Tanzania Bara, bei chini kidogo. Nchi gani ina mbao nzuri?

FundiMiimo: Waalaykum salaam. Mti hujautaja. Za Bara ni mninga, mkongo, mvule au msaji wa kupandwa? Mlango wa nje au wa chumbani? Zimekauka?

BintiWete: Chanfuta ndiyo mkongo, huko Msumbiji ndivyo wanavyouita. Mninga wao wanauita umbila. Miti ni hiyo hiyo, ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma wa mpakani. Usiongeze pesa kwa ajili ya jina.

MzeeMalindi: Lakini biashara zenyewe hazikwenda sawa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji 2003, magogo ya Kilwa na Lindi yalitoka kwa wingi, mengi yakapelekwa China. Ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilikadiria Serikali ya Tanzania ikipoteza dola milioni 58 kwa mwaka. Msumbiji nao waliuza magogo mazima China mpaka 2017, walipoyapiga marufuku. Kila nchi imefunga mlango baada ya misitu kukatwa sana, na mkongo mnene wa zamani siku hizi hauonekani ovyo.

Jambiani_K: Ndugu yangu, nchi iwache, tazama ukavu. 2019 nilinunua mninga nikaambiwa umekaa miezi minane. Fundi akachonga mlango mzuri, tukatia na misumari ya shaba. Kaskazi ilipoingia mbao zikasinyaa. Ukikaa ukumbini unawaona wapita njia kwenye nyufa. Mwimo ukapinda, kitasa hakishiki, usiku tunaegemeza jiwe. Baadae unga ukaanza kudondoka chini. Kumbe sehemu nyeupe ya mti ilipakwa rangi ifanane na kiini, na wadudu wameikalia hiyo. Muuzaji akanambia nimeshachukua mzigo, basi. Mlango nimeutengeneza mara ya pili kwa pesa ya mkopo.

FundiMiimo: Pole sana. Mjenzi, pasua ncha ya ubao mbele yake, rangi ya kupaka haifiki ndani.

Bububu_88: Chukua msaji wa Longuza, Muheza, umalize. Mchwa hawausogelei.

MzeeMalindi: Msaji mchanga haufanani na ule wa Burma uliomo kwenye milango ya Mji Mkongwe. Na huo wa Burma magogo yake hayatoki tangu 2014.

Bububu_88: Mzee, wangu una miaka kumi upande wa pwani na haujapinda.

BintiWete: Za Msumbiji ziombee karatasi. Mninga na mkongo wa Afrika viliingizwa 2022 kwenye CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuvuka mpaka kunataka kibali. Na lile Azimio la Zanzibar la 2015 la mbao haramu, Tanzania na Msumbiji wote walitia saini. Linaitwa kwa jina letu, tusiwe sisi wa kununua mbao za wizi.

MjenziFuoni: Ahsanteni. Ni mlango wa mbele, unaelekea bahari. Wa Bara anasema wake pia ni mkongo, lakini risiti yake imeandikwa "mbao ngumu" tu. Kesho nakwenda na fundi.

Jambiani_K: Nenda na msumeno.

BintiWete: Mbona mfenesi hamuutaji? Huku Pemba tunatengenezea milango na majahazi.

Bububu_88: Mfenesi futi moja huko kwenu shilingi ngapi?